Mkasi Huu Ni wa Bakteria

Ndugu zangu, nimelisema mara nyingi na leo nalirudia: CRISPR, ule mkasi wa kukata DNA, haikubuniwa na binadamu. Mtaniambia wanasayansi Charpentier na Doudna walipewa Tuzo ya Nobel mwaka 2020. Walistahili kabisa, lakini walituzwa kwa kuugeuza mkasi huo kuwa chombo cha kuhariri jeni. Mkasi wenyewe ni wa bakteria. Sisi tumeazima, na aliyeazima humtaja mwenye mali!

Mchukueni Francisco Mojica. Mwanzoni mwa miaka ya 1990, akiwa mwanafunzi Alicante, Hispania, alichunguza akea, viumbe vya seli moja kutoka madimbwi ya chumvi ya Santa Pola. Katika DNA yao akakuta herufi zilezile zinajirudia na kujirudia, na kila baada ya marudio kuna kipande kisichofanana na vingine. Wajapani walishaona marudio kama hayo katika E. coli, bakteria wa utumbo, mwaka 1987, wasijue kazi yake. Mojica hakuyaacha marudio hayo, ambayo baadaye ndiyo yaliyoitwa CRISPR. Zaidi ya miaka kumi! Mwaka 2003 akalinganisha vipande vile na mifuatano iliyohifadhiwa kwenye hazina za data, kimoja kikaoana na kirusi P1, kinachoshambulia E. coli. Na E. coli aliyebeba kipande hicho alijulikana tayari kuwa P1 hamwezi. Mnaona? Kipande kile ni alama ya adui! Majarida makubwa yaliikataa makala yake, ikatoka 2005.

Mtu ataniuliza, kiumbe asiye na ubongo anakumbukaje? Kwa maandishi. Bakteria akinusurika, hupachika kipande cha DNA ya kirusi ndani ya DNA yake, na seli zinazozaliwa naye hukirithi. Kirusi kikirudi, nakala ya RNA ya kipande hicho huwaongoza vimeng'enya vya Cas, yaani protini za kukata, hadi kwenye DNA ya mvamizi, wakaikata. Mwaka 2007 watafiti walithibitisha hili kwa bakteria wa kugandisha maziwa, Streptococcus thermophilus: wakiongeza kipande, kinga inakuja, wakikiondoa, inatoweka.

Muda unaniishia, na hiyo ni ngao moja tu. Kuna vimeng'enya visivyokumbuka lolote, kama EcoRI, kinachokata kila kinapokuta herufi za DNA GAATTC, ila bakteria huitia DNA yake alama ya kikemikali, methili, isikatwe. Kuna seli zinazojiua kabla virusi havijazaliana, jirani zisalimike. Na virusi navyo havikulala: mwaka 2013 zilitangazwa protini zao zinazoizima CRISPR yenyewe.