Samaki wa Mto Tywi na fomu ya mvuvi: kwa nini trauti wa baharini wanapungua

Habari zenu ndugu zangu, popote mlipo: Nyeri, Mombasa, Kisumu, Dar, Bukavu, hata nyinyi wa Muscat. Leo niko ukingoni mwa Mto Tywi, Carmarthenshire, kusini-magharibi mwa Wales. Upepo ukiingia kwenye maikrofoni mtaniwia radhi. Wengi mliuliza hawa watu wanaosimama mtoni usiku na fimbo ndefu wanatafuta samaki gani, nami niliahidi kuwajibu vizuri.

Wanatafuta trauti wa baharini, wenyeji humwita sewin. Watu wa Nyeri mnamjua ndugu yake. Mwaka 1905 mlowezi Ewart Grogan aliagiza mayai ya trauti kutoka Loch Leven, Scotland, akayapandikiza Mto Gura kule Aberdare. Ni spishi ile ile. Ila trauti wa Gura hana njia ya kufika Bahari ya Hindi, kwa sababu maji ya Tana huko chini yana joto asilolistahimili. Huyu wa hapa bahari iko karibu na ni baridi. Hukaa mtoni kama miaka miwili, kisha mwezi wa nne au wa tano mwili wake hugeuka rangi ya fedha, akashuka baharini kula. Akishiba na kukua hurudi mtoni kutaga mayai, na wengi hawafi baada ya hapo. Huenda na kurudi miaka kadhaa. Sehemu kubwa ya wanaoshuka baharini ni majike, na jike kadiri anavyokuwa mkubwa ndivyo anavyobeba mayai mengi. Mto ukipoteza majike wakubwa, umepoteza vifaranga kwa maelfu.

Sasa sogeeni karibu na kamera niwaonyeshe fomu hii ya mvuvi. Kila mwenye leseni ya kuvua samoni na trauti wa baharini Uingereza na Wales analazimika kisheria kutoa taarifa ya msimu wake. Anaandika alivua mto gani, alikwenda siku ngapi, kila samaki alimpata tarehe gani, uzito gani, kwa chambo gani, na kama alimwachia au alimchukua. Hata aliyerudi mikono mitupu msimu mzima anatakiwa aseme hivyo. Mimi ninaiona safu hiyo ya siku alizokwenda kuwa muhimu kuliko safu ya samaki, na wengi wanaojadili takwimu hizi huiruka.

Fikiria mama anayeuza mandazi. Ukisikia mwaka huu ameuza nusu ya mwaka jana, swali la kwanza ni kama kibanda kilifunguliwa siku zile zile. Mwaka 2020 uvuvi ulisimamishwa kwa muda kwa sababu ya Korona. Mwaka 2018 na 2022 kiangazi kilikuwa kikavu mno, mito ikapungua, samaki wakangoja kwenye mlango wa mto na wavuvi wakabaki nyumbani. Idadi ya wanaonunua leseni nayo imekuwa ikishuka. Mambo yote hayo hupunguza samaki kwenye karatasi hata kama mtoni wapo. Ndiyo maana wataalamu hugawa samaki kwa siku za uvuvi, na pale inapowezekana hulinganisha na hesabu nyingine. Mto Dee kwa mfano una mtego wa kuhesabia kwenye kizuizi cha maji cha Chester. Samaki hukamatwa, hupimwa, huachiwa waendelee na safari.

Na baada ya kusahihisha hayo yote, mwelekeo bado ni wa kushuka. Hilo linaniumiza kusema, lakini ndivyo lilivyo. Scotland ina kumbukumbu za wavuvi wa fimbo tangu mwaka 1952, na idadi za miaka ya karibuni ziko miongoni mwa zile za chini kabisa katika mfululizo huo wote.

Anguko lililowatisha watu zaidi lilitokea magharibi mwa Ireland. Mito na maziwa ya Connemara yalikuwa yakitoa maelfu ya trauti wa baharini kila msimu. Mwaka 1989 na 1990 wakabaki mamia tu. Samaki wadogo waliokuwa wameshuka baharini wiki chache tu zilizopita walionekana wakirudi mtoni kabla ya wakati, wamekonda, chawa wa baharini, vimelea wanaowala samaki ngozi, wamewajaa mwilini, pezi la mgongoni limeliwa. Chawa hawa huzaliana kwa wingi kwenye vizimba vya kufugia samoni baharini. Samoni wa porini hupita haraka kuelekea bahari kuu, lakini trauti hubaki karibu na pwani, pale pale vizimba vilipo. Ubishi kati ya wafugaji na wavuvi ulikuwa mkali, ila utafiti ulioendelea miaka mingi umeonyesha kwamba chawa wanaua.

Lakini hapa Wales hakuna vizimba vya samoni baharini, na samaki wanapungua vilevile! Kwa hiyo lazima tutafute sababu nyingine. Bonde hili lote mnaloliona nyuma yangu ni malisho ya ng'ombe wa maziwa. Samadi ya majimaji ikimwagwa shambani kisha mvua ikanyesha, inaishia mtoni. Udongo nao huziba nafasi katikati ya changarawe, pale mayai yanapopumulia. Halafu kuna majira. Desemba ya mwaka 2015 ilikuwa na joto na mvua isivyo kawaida, na mwaka 2016 wapimaji walikuta vifaranga wachache mno katika mito mingi ya Wales. Pengo la namna hiyo huonekana kwenye fomu za wavuvi miaka mitatu minne baadaye, watu wakiwa wameshasahau mvua yenyewe.

Tangu mwaka 2020 kila samoni anayevuliwa Wales ni lazima aachiwe, na trauti wa baharini mwenye zaidi ya sentimita 60 vilevile, maana huyo ndiye jike mwenye mayai. Wapo wazee hapa waliokasirika sana, nami ninawaelewa. Wamekula samaki hawa tangu utotoni, na mkulima aliyechafua mto haoni kama ameguswa. Hata hivyo naiunga mkono sheria hiyo, mradi upande wa samadi nao ushikwe kwa nguvu ile ile.

Ninyi mnaovua Gura, Sagana na vijito vya Mlima Kenya, nina ombi. Andikeni. Tarehe, mto, saa mlizokaa, samaki mliopata, na siku mliyokosa muiandike pia. Daftari la shule linatosha. Kama kuna mwenye kumbukumbu za baba au babu aliyewahi kufanya kazi kituo cha trauti cha Kiganjo, niandikie kwenye maoni, ningependa tuzungumze kwenye video. Wiki ijayo nitakuwa na wavuvi wa coracle, ile mitumbwi ya duara: wawili wawili wanashuka na maji, kila mmoja kwenye mtumbwi wake, wavu katikati yao. Maswali yenu leteni mapema niwaulize.