Kocha Mpya Katua: Namna ya Kuzisikiliza Kelele za Mashabiki wa Mpira wa Vyuo Marekani

Wakubwa shikamooni, wenzangu hamjambo. Naomba niingie moja kwa moja kwenye mada.

Desemba 2008, Chuo Kikuu cha Auburn katika jimbo la Alabama kilimtangaza Gene Chizik kuwa kocha mkuu wa timu yake ya mpira wa Kimarekani. Chizik alikuwa anatokea Iowa State, ambako kwa misimu 2 alishinda mechi 5 na kupoteza 19. Mkurugenzi wa michezo wa Auburn, Jay Jacobs, alipotua uwanja wa ndege alikuta shabiki anamsubiri, akamkaripia mbele ya kamera kwamba wao wanataka kiongozi, si mtu aliyezoea kushindwa. Msimu wa 2010 Auburn ilicheza mechi 14 ikashinda zote 14, na Januari 2011 ikaifunga Oregon 22–19 ikawa bingwa wa taifa. Mwaka 2012 ikashinda 3, ikapoteza 9, na kibarua cha Chizik kikaota nyasi.

Sasa, yule shabiki wa uwanja wa ndege alipatia au alikosea? Ukimuuliza Januari 2011 atakuambia alikosea. Ukimuuliza Novemba 2012 atakuambia aliona mbali. Kwa hiyo mimi sishauri mtu atumie kelele za siku ya kwanza kumpima kocha anayeingia. Kelele zile zinasema zaidi juu ya jeraha aliloliacha kocha aliyetoka. Lakini pia sisemi zipuuzwe, kwa sababu ndani ya wiki chache huwa zimeshagusa fedha za chuo na orodha ya wachezaji. Kuna hata makocha waliokosa kazi kwa sababu ya kelele hizo kabla hawajakanyaga uwanja.

Kwa wasioufuatilia mchezo huu, mambo machache. Timu ni ya chuo, si ya kampuni. Shabiki wake mara nyingi alisoma pale, au baba yake alisoma pale, au jimbo lake halina timu nyingine kubwa. Hakuna kushuka daraja. Msimu wa kawaida una mechi 12, na za nyumbani ni 6 au 7 tu, katika viwanja vinavyoingiza watu 100,000 na zaidi, kama Neyland wa Tennessee au Kyle Field wa Texas A&M. Na hapa ndipo penye siri ya kelele zote: kocha huajiriwa mwishoni mwa Novemba au Desemba, mechi ya kwanza ni mwishoni mwa Agosti au Septemba. Kocha mpya wa Simba au Yanga anaweza kuhukumiwa na matokeo ndani ya wiki mbili. Huku watu wana miezi 9 ya kusema bila mpira kuchezwa. Shabiki hana matokeo, kwa hiyo anahukumu vitu vingine: wasifu, mkutano wa kwanza na waandishi, lafudhi. Msidhani natania kuhusu lafudhi. Brian Kelly, mzaliwa wa Massachusetts, alipohamia LSU, chuo cha jimbo la Louisiana huko Kusini, mwishoni mwa 2021 kwa mkataba wa miaka 10 wenye thamani ya dola milioni 95, alisimama kusalimia watu kwenye mechi ya kikapu akaonekana kuigiza matamshi ya Kusini. Nchi nzima ilimcheka kwa wiki kadhaa.

Tuanze na kelele za kukataa, maana ndizo zenye nguvu ya kuonekana kwa macho. Mfano mkubwa ni Tennessee, Jumapili ya tarehe 26 Novemba 2017. Habari zilivuja kwamba kocha Greg Schiano anakaribia kumwaga wino. Ndani ya saa chache jiwe kubwa la pale chuoni, ambalo kwa desturi wanafunzi hulipaka rangi na ujumbe, lilikuwa limeandikwa maneno ya kumpinga. Wanasiasa wa jimbo wakatoa matamko. Hoja ya waliompinga ilitokana na tuhuma zilizotajwa katika ushahidi wa mahakamani kuhusu kashfa ya unyanyasaji wa watoto kingono katika chuo cha Penn State, ambako aliwahi kuwa kocha msaidizi, tuhuma ambazo Schiano amezikana. Kabla ya usiku kuingia dili likafa. Tarehe 1 Desemba mkurugenzi wa michezo, John Currie, akasimamishwa kazi, na nafasi yake akapewa Phillip Fulmer, kocha wa zamani wa timu hiyohiyo. Tarehe 7 Desemba akaajiriwa Jeremy Pruitt.

Mashabiki walishinda vita ile. Wakapata nini? Pruitt alifukuzwa Januari 2021, huku chuo kikichunguzwa kwa ukiukaji wa kanuni za usajili. Aliyemfuata, Josh Heupel, hakupokewa kwa shangwe yoyote ya maana. Wengi walinung'unika kwamba mkurugenzi mpya amemchukua tu kocha aliyekuwa naye kwenye chuo alichotoka. Huyo ndiye aliyeifunga Alabama 52–49 Oktoba 2022, ushindi wa kwanza dhidi ya Alabama tangu 2006, na watu wakang'oa nguzo za goli wakaenda kuzitupa mto Tennessee.

Texas A&M ilirudia jambo la namna hiyo kwa kiwango kidogo mwaka 2023. Jina la Mark Stoops wa Kentucky lilipovuja usiku, upinzani ukawa mkali, na dili likaisha kabla ya kutangazwa. Siku chache baadaye akatangazwa Mike Elko.

Tazameni namna inavyofanyika, kwa sababu haina muujiza wowote. Kwanza, mashabiki hufuatilia ndege. Matajiri wa timu na vyuo hutumia ndege ndogo za kukodi, namba zake za usajili zinajulikana, na safari zake zinaonekana kwenye programu za bure. Ndege ikitoka mji wa chuo kwenda mji wa kocha fulani, jina linaanza kusambaa. Pili, vyuo vingi vikubwa ni vya serikali ya jimbo, kwa hiyo mikataba na barua zake zinaweza kuombwa kisheria na mwandishi au hata mwananchi wa kawaida. Tatu, na hili ndilo linaloua dili, simu huanza kuingia kwa wafadhili. Kwenye vyuo vingi, ili upate kiti kizuri cha msimu unatoa kwanza mchango, ndipo unalipia tiketi. Mchango huo hutolewa upya kila mwaka, kwa kawaida miezi ya mwanzo ya mwaka. Watu elfu moja wakiandika mitandaoni, mkurugenzi anaweza kuvumilia. Wafadhili kumi wakubwa wakimwambia kwamba mwaka huu hawatoi, hapo anaacha kuvumilia. Mkurugenzi mwerevu huwapigia wafadhili hao siku moja kabla ya jina kuvuja. Asiyefanya hivyo hulisikia jina kutoka kwao.

Upande wa pili ni kelele za furaha, na hizi zina hatari yake. Chuo Kikuu cha Colorado kilimaliza 2022 kikiwa kimeshinda mechi 1 na kupoteza 11. Desemba hiyo akaja Deion Sanders. Tarehe 22 Aprili 2023, watu 47,277 walilipa kuingia kutazama mchezo wa mazoezi, timu ikigawanywa mbili icheze yenyewe kwa yenyewe. Tiketi za msimu zikaisha. Wachezaji zaidi ya 50 wa zamani wakaondoka, wakaletwa wapya. Septemba wakaifunga timu ya chuo cha TCU 45–42, wakashinda mechi 3 za kwanza, na nchi nzima ikawa inawazungumzia wao. Wakamaliza 4–8, yaani ushindi 4 na vipigo 8.

Kilichowaangusha hakikuwa siri. Sanders alileta wachezaji wenye majina wa kurusha, kukimbiza na kudaka mpira, lakini safu ya mbele ya ushambuliaji, wale watu wazito 5 wanaomlinda mrusha mpira, kwotabeki, ilikuwa dhaifu. Kwotabeki wake akawa anaangushwa mechi baada ya mechi. Shangwe huwa inahesabu majina, wakati safu ya mbele haina majina. Ukitaka kujua kama furaha ya mashabiki ina msingi, waulize ni nani watano wa mbele. Wasipojua, subiri. Tuwe waadilifu lakini: mwaka uliofuata Colorado ilimaliza 9–4, na mchezaji wake Travis Hunter akashinda Heisman, tuzo ya mchezaji bora wa mwaka wa vyuo.

Sasa Indiana, ambako kelele hazikuwepo kabisa. Indiana ni nchi ya mpira wa kikapu. Timu yake ya mpira wa Kimarekani ilikuwa inashikilia rekodi ya kupoteza mechi nyingi kuliko chuo chochote cha daraja la juu. Tarehe 30 Novemba 2023 ikamleta Curt Cignetti kutoka chuo cha James Madison, akiwa na umri wa miaka 62, na nje ya watu wa fani wachache walimjua. Alipopewa kipaza sauti kwenye mechi ya kikapu, akawatukana wapinzani wao Purdue, Michigan na Ohio State kwa mpigo mmoja. Watu wakashangilia, kisha wakarudi kutazama kikapu.

Wasichokizingatia ni kwamba Cignetti alihama na benchi lake la ufundi: Mike Shanahan wa ushambuliaji, Bryant Haines wa ulinzi. Alihama pia na wachezaji zaidi ya 10 wa James Madison waliokwisha kuujua mfumo wake, akaongeza kwotabeki mzoefu, Kurtis Rourke, kutoka Chuo Kikuu cha Ohio (si Ohio State). Chuo kilichokuwa 3–9 kikawa 11–2 msimu wa 2024. Desemba 2025 kikaifunga Ohio State 13–10 na kutwaa ubingwa wa ligi yao, Big Ten, na Januari 2026 kikawa bingwa wa taifa.

Kwa hiyo, ukiniuliza nini cha kutazama siku 30 za kwanza badala ya kusikiliza kelele, jibu langu la kwanza ni benchi la ufundi. Kocha anayekuja na wasaidizi wake wawili wakuu huwa tayari ana lugha moja na watu wa kuifundisha. Anayeokoteza wasaidizi hadi Februari anaanza kazi akiwa nyuma. Halafu tazama dirisha la uhamisho. Kocha anapoondoka, wachezaji wake hupewa muda maalumu wa kuhama. Zamani ulikuwa siku 30, na tangu Oktoba 2025 kanuni ni siku 15, zinazoanza kuhesabiwa siku 5 baada ya kocha mpya kupatikana. Hapo ndipo kelele za mashabiki zinapogeuka kuwa kitu halisi. Kijana wa miaka 19 anasoma simu yake. Akikuta mji mzima unamtukana kocha mpya, na wakala wake ana ofa nyingine mkononi, anaondoka. Kisha mashabiki walewale watalalamika Septemba kwamba timu haina wachezaji. Vijana wa sekondari nao husaini mwanzoni mwa Desemba, kwa hiyo kocha aliyechelewa wiki moja anaweza kupoteza kundi zima la mwaka.

Kuhusu mkutano wa kwanza na waandishi sitasema mengi. Hauna maana.

Kilicho na maana ni mkataba, na hapa naomba mnisikilize kwa makini. Texas A&M ilipomchukua Jimbo Fisher Desemba 2017, ilimpa miaka 10 na dola milioni 75 zilizohakikishwa. Mkuu wa mfumo wa chuo alimkabidhi ngao ya ubingwa wa taifa ambayo mwaka wake uliachwa wazi, aujaze mwenyewe. Furaha haikuwa na mfano. Lakini si mkataba ule uliowaumiza. Baada ya msimu mzuri wa 2020, wa ushindi 9 na kipigo 1, chuo kiliogopa kunyang'anywa kocha, na mwaka 2021 kikamwongezea hadi 2031. Alipofukuzwa Novemba 2023, fidia ilikuwa karibu dola milioni 76: takribani milioni 19 ndani ya siku 60, na zilizobaki kwa mafungu ya kila mwaka hadi 2031. Kifungu cha kupunguza fidia iwapo atapata kazi nyingine hakikuwemo. Kifungu hicho ni mistari michache tu, na mkataba wa Kelly kule LSU ulikuwa nacho.

Nebraska nayo ilimleta Scott Frost Desemba 2017, mtoto wa nyumbani, kwotabeki wa timu ya ubingwa ya 1997, aliyekuwa anamaliza msimu bila kufungwa akiwa kocha wa chuo cha UCF. Sidhani kama kuna kocha aliyepokewa kwa upendo zaidi katika miaka ile. Kwa upendo huohuo, Novemba 2019 chuo kilimwongezea miaka 2, wakati amekwisha shinda mechi 8 na kupoteza 13. Shabiki wa Nebraska hakulalamika wakati ule, kwa sababu aliona kumpinga Frost ni kujipinga mwenyewe. Septemba 2022 Frost alifungwa nyumbani na Georgia Southern 45–42, akafukuzwa kesho yake akiwa na rekodi ya 16–31. Tarehe 1 Oktoba fidia yake ingeshuka kutoka dola milioni 15 hadi 7.5. Kwa kelele zilizokuwepo wiki ile, chuo kilishindwa kungoja siku 20, kikalipa zote 15.

Nakaribisha maswali. Anayetaka kuuliza habari ya Lane Kiffin, kocha aliyekihama chuo cha Ole Miss kwenda LSU, aulize kwanza, maana hiyo itachukua muda.