Figo, Mfupa na Jani la Mbuzi

Shikamooni wazee wangu, na nyote wengine hamjambo.

Mfupa haukai vile vile. Kuna chembe zinazoubomoa kila siku na chembe zinazoujenga. Mwanamke akikoma hedhi, estrojeni, homoni ya kike, hupungua na wabomoaji huwashinda wajenzi. Ndani ya mfupa panakuwa na matundu kama mkate wa kumimina, na mwenyewe hasikii kitu, mpaka ateleze bafuni nyonga ivunjike.

Waganga wa China wana njia yao ya kulieleza jambo hili. Huangdi Neijing, kitabu kilichokusanywa yapata miaka 2,000 iliyopita, kinasema figo ndiyo inayotawala mifupa. Figo ikichoka, uboho hukauka. Ndiyo maana ukimlalamikia mganga mgongo, yeye anaitibu figo. Msicheke. Figo ndiyo inayoikamilisha vitamini D mwilini, ingawa figo yao si hiki kiungo tu tunachokiona buchani.

Dawa zao za mifupa zina majina matamu. Gu sui bu ni shina la aina ya kangaga, na maana yake ni kiunga mifupa iliyovunjika. Yin yang huo ni majani, na jina lake lina mbuzi ndani. Husemwa mbuzi wakiyala hawatulii. Yapo pia magome ya du zhong na mbegu za bu gu zhi.

Yin yang huo imepimwa. Mwaka 2007 watafiti wa China walichapisha matokeo ya wanawake 100 waliokwisha koma hedhi, wakafuatiliwa miezi 24, wote wakimeza kalisiamu. Waliopewa dawa iliyotokana na majani hayo, mifupa yao ilishikilia; waliopewa kidonge kitupu, ikaendelea kupungua. Nzuri. Lakini watu 100 hawatoshi kutuambia nani atanusurika kuvunjika. Mwaka 2014 shirika la Cochrane, linalopima ushahidi wa tiba, lilikusanya majaribio 108 ya dawa hizi, watu zaidi ya 10,000, na mengi yalifanywa kwa namna isiyoweza kutegemewa.

Sasa jambo linalonikera: mtu kuniambia anatumia "dawa ya Kichina", basi. Ipi? Vidonge vya Xianling Gubao vina yin yang huo hiyo hiyo, vina na bu gu zhi, pamoja na mimea mingine minne. Mwishoni mwa 2016 mamlaka ya dawa ya China yenyewe ilitoa tahadhari kwamba vinaweza kudhuru ini, na bu gu zhi ni mojawapo ya wanaoshukiwa. Na mmojawapo katika hiyo minne ni danshen: mama anayemeza warfarini, dawa ya kuzuia damu kuganda, akichanganya, damu inaweza kukataa kuganda. Kwa hiyo pakiti ile njooni nayo kliniki, msiifiche mkobani.

Baada ya chai nitawaonyesha gome la du zhong. Ukilivunja, vipande haviachani. Vinabaki vimeshikana kwa nyuzi nyeupe kama hariri, na ndivyo wanunuzi wanavyolitambua lililo halisi.