Kibanda cha vyumba 70

Mabibi na mabwana, karibuni. Nianze na swali: mtu akikwambia ana kibanda pwani, unaona nini? Mimi naona makuti, mkeka na mtungi wa maji. Matajiri wa Marekani wa karne ya 19 nao walikuwa na "vibanda" vya kiangazi huko Newport, Rhode Island. Ndivyo walivyoviita, bila kucheka. Kimojawapo kina vyumba 70. Kinaitwa The Breakers, kwa ajili ya mawimbi ya Atlantiki yanayovunjika kwenye majabali chini yake.

Mwenye nyumba alikuwa Cornelius Vanderbilt II, mjukuu wa yule Cornelius aliyetajirika kwa meli na reli. Mwaka 1885 alinunua pale nyumba ya mbao. Novemba 1892 ikateketea. Aliyeumwa na nyoka akiona ung'ongo hushtuka: alipomwita msanifu Richard Morris Hunt aijenge upya, alitaka nyumba isiyoshika moto. Basi jengo likabebwa na mawe, matofali na vyuma. Hata boila la kupasha nyumba joto hakulitaka karibu. Lilichimbiwa chini ya ardhi upande wa barabarani, joto likaletwa kwa handaki.

Wageni wakifika hushangaa ukumbi mkubwa, wenye kimo cha futi 50. Sawa, ni mzuri. Lakini twendeni bafuni. Hodhi lina mabomba manne: maji matamu ya baridi, matamu ya moto, ya chumvi baridi, ya chumvi moto. Bahari iko hapo nje, hatua chache, lakini bwana aliletewa bahari ndani ikiwa imepashwa moto! Hodhi lenyewe ni marumaru nene, na marumaru humeza joto. Husimuliwa kwamba lilijazwa maji moto, likamwagwa, likajazwa tena, mara kadhaa, ndipo mtu aoge bila kutetemeka mgongo. Aliyejaza na kumwaga ni mtumishi, na karibu nusu ya vyumba vile 70 vilikuwa vya watumishi.

Yote hayo kwa ajili ya msimu wa wiki sita, labda nane, kwa mwaka.

Nyumba ilifunguliwa Agosti 1895 kwa dansi ya kumtoa ndani binti yao Gertrude. Hunt hakuiona dansi hiyo. Alifariki Julai 31, papo hapo Newport. Mwaka 1896 Vanderbilt akapata kiharusi, na 1899 akafa akiwa na miaka 55. Hesabuni wenyewe: alikaa humo mzima wa afya kiangazi kimoja tu. Moto aliouogopa haukurudi.

Mjane wake, Alice, alifariki 1934, nyumba ikamwangukia binti yao mdogo, Gladys, aliyeolewa na mwungwana wa Hungaria. Mwaka 1948 aliikodisha kwa jumuiya ya kuhifadhi majengo ya Newport kwa dola 1 kwa mwaka. Mwaka 1972 jumuiya ikainunua kabisa.

Ila familia haikuhama. Hadi 2018 wajukuu wa Gladys walikuwa bado wakija kiangazi na kulala ghorofa ya tatu, na chini yao watalii wenye tiketi wakipanga foleni kulitazama hodhi la babu.