Hapana, Yule Mama wa Kaunta Hanitaki

Haya wadau, mambo vipi. Leo sikupanga kurekodi, ila tangu nipandishe ile video ya sapamaketi komenti ni moja tu, "Kaka yule mama wa kaunta aliyekuita baby ni nani, na shemeji anajua?" Shemeji yenu anajua, yuko hapo nyuma anacheka. Na kabla hamjaanza "anajidai yuko Marekani", sijidai, mmeuliza ndo najibu.

Huku Georgia, kusini, watu hasa wamama wa makamo wanakuita honey, sugar, baby, darlin', uwe kijana uwe babu. Ni kama Kariakoo unavyoitwa boss na mrembo na mtu hata jina lako halijui. Basi, hakuna cha zaidi.

Mimi iliniuma pale ofisi ya leseni ya udereva. Nimeomba ruhusa kazini, siku hiyo hailipwi, foleni toka asubuhi, pasipoti ninayo, mkataba wa nyumba ninao, dada wa dirishani anatabasamu ananiambia sugar, karatasi ya kuthibitisha anwani ni moja, tunataka mbili. Na bili ya umeme ina jina la shemeji yenu! Nikamweleza weee, kanisikiliza mpaka mwisho, "Aww, bless your heart," akaita namba inayofuata. Hiyo bless your heart muwe nayo makini, inaweza kuwa pole ya kweli, inaweza kuwa mtu anakwambia kistaarabu kwamba huna akili, sikiliza sauti. Yangu ilikuwa ipi naijua, tuiache.

Halafu mgahawani, mhudumu anakuita honey kila akipita mezani. Mnasema oneni ukarimu, sawa upo sikatai, lakini sheria ya shirikisho inamruhusu mwajiri kumlipa mhudumu anayepokea tipu dola 2.13 kwa saa, kiwango hicho hakijapanda tangu 1991, anategemea mfuko wako. Bili ya dola 40 weka nane juu. Usipoweka, uje kesho uone kama kuna honey.

Mengine yanafurahisha. Kiingereza cha shule kilitunyima "nyie", hawa wana y'all. Mtu akisema "I'm fixin' to leave" ni sawa na yetu ya "ndo natoka" huku hata viatu hajavaa. Atlanta ukiomba Coke unaweza kuulizwa Coke gani, maana kwa wengi soda yoyote ni Coke.

Sasa mimi naongea ya kwangu, wa Texas atasema yake, wa Minnesota huko kaskazini ndo kabisa. Ila wanaume, akikuita baby usirudishe baby, hasa kazini, utaitwa ofisini. Sema "yes ma'am", chukua chenji yako, ondoka. Na wewe uliyekuja inboksi unataka nikutafutie kazi mgahawani na wewe ukaitwe honey, kibali cha kazi kwanza kaka.