Nyuso Zipi Zihesabiwe? Eneo la Mcheduara Katika Kazi ya Tangi la Maji

Ndugu walimu wenzangu, nanyi mafundi mliokubali kuacha kazi zenu asubuhi hii,

Kanuni ya eneo la mcheduara, yaani umbo la mkebe au pipa, tunaifundisha kwa pumzi moja: mara mbili ya pai, zidisha nusu kipenyo, zidisha jumla ya nusu kipenyo na kimo. Ni kanuni sahihi, lakini inachukulia kwamba umbo limefungwa juu na chini na kwamba nyuso zake zote tatu zinahusika, jambo ambalo kazini hutokea kwa nadra. Ukibandua karatasi ya mkebe wa nyanya na kuikunjua mezani, utapata mstatili ambao urefu wake ni mzingo wa mkebe na upana wake ni kimo. Miduara miwili iliyobaki huongezwa pale tu inapohitajika.

Chukueni tangi la kuvunia maji ya mvua, lililojengwa kwa matofali na kufunikwa kwa zege, lenye kipenyo cha ndani cha meta 2.1 na kimo cha meta 2, ambalo fundi anataka kulipiga lipu ndani, ukutani na sakafuni. Kwa pai ya 22/7, mzingo ni meta 6.6, ukuta ni meta za mraba 13.2, na sakafu ni 3.465, hivyo jumla ni karibu 16.67. Aliyekariri kanuni nzima atapata 20.13, na mwenye nyumba atanunua saruji ya kupiga lipu mahali ambapo hapana mtu atakayepagusa.

Rangi ya nje ni hesabu nyingine kabisa. Ukuta ukiwa na unene wa sentimeta 15, nusu kipenyo cha nje ni meta 1.2, mzingo ni karibu meta 7.54, na kwa kimo kilekile eneo la kupaka ni karibu meta za mraba 15.1, yaani ongezeko la takriban 1.9 juu ya ukuta wa ndani; ukipaka mara mbili, nunua rangi ya kutosha meta za mraba 30.2. Nami hustaajabu kila mara kwamba unene huo huongeza mzingo kwa sentimeta 94 hivi, liwe tangi dogo au lenye upana wa uwanja wa mpira.

Hapa mafundi wametuzidi sisi walimu, kwa sababu wao huzungusha kamba kwenye tangi, huipima kwa futi ya utepe, huzidisha kwa kimo, na pai hawaihitaji hata kidogo. Mwanafunzi wangu, kinyume chake, huweka kipenyo mahali pa nusu kipenyo, akapata ukuta mara mbili na sakafu mara nne ya ukweli. Au hupima kwa sentimeta kisha, ili kupata meta za mraba, akagawanya eneo kwa 100 badala ya 10,000.

Sasa tutoke uani, ambako kuna pipa la mafuta lililokatwa mfuniko mmoja, na kipande cha bomba la kalavati kisicho na mfuniko wowote. Kamba ziko mlangoni.