Kitanda cha Kisasa cha Zamani: Godoro Lilivyomeza Ubao

REHEMA: Karibu tena, msikilizaji. Leo Juma ana kesi ya kujibu. Kaka, kile kitanda cha zamani ulichonunua kiko wapi?

JUMA: Kitanda kipo, dada. Ubao wa mchagoni ndio hauonekani. Umemezwa na godoro.

REHEMA: Umemezwa! Hebu eleza.

JUMA: Ni mtindo wa miaka ya 1950 na 1960. Msaji mtupu, matendegu membamba yaliyotanuka kidogo kwa nje, kimekaa chini chini. Ubao unafika sentimita 80 kutoka sakafuni. Pale nilipokinunua hakikuwa na godoro, basi nikauona mrefu wa kutosha. Nimefika nyumbani, chaga ziko sentimita 25, nimeweka godoro langu la sentimita 32, juu yake mito miwili. Ubao kwisha!

REHEMA: Kosa halikuwa la kitanda. Aliyekichora alikuwa na godoro la sentimita 15 hivi kichwani mwake. Ungetandika la namna hiyo, ubao ungebaki na sentimita 40 za kuegemea.

JUMA: Sasa najua. Ila mimi niliangalia urembo kwanza.

REHEMA: Na upana ulipima?

JUMA: Hapo nilinusurika. Vitanda vingi vya enzi ile vya watu wawili, hasa vya Marekani, vina upana wa sentimita 137. Godoro la "kwini" ni 153. Hizo 16 huwezi kuzificha kwa shuka.

REHEMA: Mimi nikienda kuangalia kitanda cha zamani, ubao nauacha mwisho. Naanza kwenye mifumbati, pale inapokutana na matendegu. Nashika kona, nasukuma. Kikiyumba kidogo si neno, pengine ni bolti tu. Lakini nikiona ufa unaokwenda na nyuzi za mbao kwenye lile tundu la bolti, naaga.

JUMA: Na kunguni je?

REHEMA: Ndiyo sababu nabeba tochi na kadi ngumu! Kadi naipitisha kwenye kila mwanya, na nyuma ya ubao, na kwenye matundu ya skrubu. Natafuta vidoa vyeusi kama vya wino, au maganda. Wale wanaweza kukaa miezi bila kula, kwa hiyo mtu akikwambia kitanda kilikuwa stoo tangu mwaka jana, hajakupa dhamana yoyote.

JUMA: Wengine wananunua kipya kilichochongwa kwa mtindo uleule.

REHEMA: Si vibaya. Tena wengine wanafikiri vinia, ule ubao mwembamba unaobandikwa juu ya mbao nyingine, ni udanganyifu. Mafundi wa Denmark wenyewe, waliosifika kwa mtindo huu, waliitumia sana. Cha kuuliza ni kilicho chini yake, na kama kingo zimeanza kubanduka. Na ukipiga msasa, pole pole, ile vinia haifiki hata milimita moja. Ukizidisha unakutana na plaiwudi.

JUMA: Ubao wenyewe sasa. Mimi napenda wa henzirani iliyosukwa, kama vile vitanda vya miaka ya 1950 vya George Nelson, yule mbunifu wa samani wa Marekani.

REHEMA: Unapendeza, ila wewe unasoma kitandani. Henzirani ukiiegemea kila usiku kwa mgongo mzima, italegea. Msomaji atafute mbao nzima iliyolala nyuma kidogo, au wa kitambaa chenye sponji. Ule uliosimama wima kama mlango, dakika kumi tu shingo inalalamika.

JUMA: Na rangi za mbao? Mke wangu anataka kabati, meza na kitanda vyote msaji.

REHEMA: Mwambie wifi kitanda kimoja kinatosha. Vikijaa vyote, chumba kinakuwa kama makumbusho. Ah, na ukipaka mafuta ya kitani, vile vitambaa usivikunje ukavitupa ndooni. Vinapata joto vyenyewe na vinaweza kuwaka. Vitandaze nje vikauke.

JUMA: Hilo nililifuata.

REHEMA: Kumbe umeshakishughulikia? Ubao umeuinua?

JUMA: Sentimita 30. Nimeufungua kitandani, nikakata papi mbili, yaani mbao nyembamba, kwa pembe ya nyuzi 45. Moja iko ukutani, nyingine nyuma ya ubao, zinashikana kama ndoano.

REHEMA: Juma! Umetoboa msaji wa miaka 60?

JUMA: Nimetumia matundu yaleyale ya bolti. Nilichotoboa ni ukuta.